Kabla Hujaweka Dole Gumba

Umefika CTC, kliniki ya tiba na matunzo ya VVU, tangu saa moja asubuhi. Umeshapimwa uzito, kadi yako imeshaingia dirishani, unangoja kuitwa uchukue dawa zako urudi zako Nkuhungu au Chang'ombe, au uwahi gari la Bahi kabla jua halijawa kali. Mara sista anakuita pembeni kwa sauti ya chini: "Mama, kuna wageni wana utafiti wao. Wanaomba dakika chache tu." Ndani kuna kijana mwenye kishikwambi, na mezani kuna karatasi zilizobanwa pini, kurasa kumi na ushee. Anakusomea, anakuuliza kama umeelewa, unaitikia kwa kichwa, naye anakusogezea kidau cha wino.

Mwongozo huu ni wa dakika hizo chache. Unamhusu anayeishi na VVU, anayeishi na mwenza mwenye VVU, kijana anayeombwa kujaribiwa chanjo, na mzazi anayeombwa binti yake ashiriki.

Nimekaa miaka mingi upande wa pili wa ile meza, nikiwa mnasihi katika vituo vya afya vya huku kanda ya kati. Simsahau mama mmoja niliyemsomea fomu ya ridhaa neno kwa neno. Aliweka dole gumba, nikamshukuru, akaondoka. Wiki mbili baadaye akarudi na kiroba kitupu mkononi. Alikuja kuchukua unga. Alikuwa ameelewa kwamba amejiandikisha kwenye mgao wa unga wa lishe. Sikumdanganya popote, nilimsomea yote, na hakuna lililomfikia. Kosa lilikuwa langu, na ndilo linalonifanya niandike haya.

Basi la kwanza, hata kama mengine yote utayasahau: usitie sahihi siku ileile. Una haki ya kwenda kufikiri. Sema tu, "Nimesikia, naomba muda, nitawajibu kliniki ijayo." Mtafiti mwenye nia njema hakasiriki. Ukiona unaharakishwa, ukaambiwa nafasi zinaisha leo, kataa. Kama nyumbani wanajua hali yako, beba nakala ya fomu ukaisome na mtu unayemwamini. Kama hawajui, usiondoke na karatasi yenye maneno ya VVU kwenye mkoba ambao watoto huupekua wakitafuta pipi. Omba usomewe mara ya pili palepale kliniki, siku nyingine, ukiwa umekaa na mmoja wa WAVIU washauri, yaani wenzako wenye VVU wanaowashauri wengine, au mtu wa Konga, umoja wa wanaoishi na VVU wa wilaya yako. Hao wameshaona fomu nyingi, wanajua maneno gani hupita kasi.

Na kama unafikiri kwa Kigogo, Kirangi au Kinyaturu, omba kuelezwa kwa lugha hiyo. Mkalimani asiwe mjukuu wako wala mtoto wa jirani. Kuna maswali kwenye fomu hizi ambayo mjukuu hapaswi kuyasikia, na wewe hutayajibu kwa ukweli yeye akiwapo. Asiyejua kusoma ana haki ya kuwa na shahidi asiye mtu wa utafiti, ambaye atasikiliza yote yakisomwa na kutia sahihi yake chini ya dole gumba lako. Nakala moja ya fomu ni yako. Idai.

Hao wageni ni akina nani

Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi wilayani Chamwino, watafiti wawili na dereva wao kutoka taasisi ya utafiti wa kilimo ya Selian, Arusha, waliuawa na wanakijiji. Walikuja kuchukua sampuli za udongo. Uvumi ulishaenea kwamba wageni wenye gari ni wanyonya damu, mumiani wale wale ambao bibi zetu walitutishia nao tusitoke nje usiku. Watu watatu walikufa kwa sababu hakuna aliyetulia akauliza barua iko wapi na nani aliwaleta.

Nalitaja hilo kwa uchungu, kwa sababu hofu ile haikuanzia hewani. Mtu anayechukuliwa damu bila kuelezwa, akasubiri majibu yasirudi, atajaza pengo hilo kwa hadithi yoyote. Dawa ya uvumi ni kuuliza mchana kweupe, na swali la kwanza ni hili: kibali kiko wapi?

Utafiti wowote wa afya unaofanywa kwa watu hapa nchini lazima uwe na kibali cha maadili. Kibali cha taifa hutolewa na Kamati ya Taifa ya Maadili ya Utafiti wa Afya iliyo chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1979. Kama kinachojaribiwa ni dawa au chanjo, kibali hicho peke yake hakitoshi: lazima kuwe na kibali kingine cha TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo makao yake makuu yapo hapahapa Dodoma. Kibali kina namba, na kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Omba uonyeshwe na uisome tarehe. Nimewahi kuona kibali kilichokwisha muda wake kikiendelea kuzungushwa kwenye faili kana kwamba ni kipya.

Baada ya hapo mtafiti hupita kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Mwenyekiti akishawakaribisha kwenye mkutano, watu wengi hudhani mambo yamekwisha, mzee amekubali, nani atakataa. Kibali cha mwenyekiti kinamfungulia mtafiti njia ya kijiji. Hakimfungulii mshipa wako. Hata mume hawezi kukukubalia kwa niaba yako kama una miaka 18 na zaidi. Najua maisha ya nyumbani yana mambo yake, na mama anayekwenda kliniki kila mwezi bila mumewe kujua anajitafutia maneno. Hilo lizungumze na mnasihi kabla, mpange pamoja namna ya kumshirikisha mzee wa nyumba. Ila sahihi ni yako.

Kwa mtoto kuna jambo linalowachanganya wengi. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yalimruhusu kijana wa miaka 15 kupima VVU bila ridhaa ya mzazi. Kupima si kuingia kwenye utafiti. Aliye chini ya miaka 18 anaingia kwa ridhaa ya mzazi au mlezi, na yeye mwenyewe anapaswa kuelezwa kwa kadiri ya umri wake na kukubali. Binti akisema hapana, mama usimlazimishe.

Tiba ni tiba, utafiti ni swali

Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, maana ndipo mama yule wa unga alipoteleza, na wasomi pia huteleza.

Unachopewa CTC ni kitu ambacho kimeshathibitika. Utafiti ni watu wanaosema, hatujui, tunataka kujua. Wanaweza kuwa wanadhani, wana sababu nzuri za kudhani, lakini hawajui. Sikiliza kisa hiki. Katikati ya miaka ya 1990, kabla ARV hazijaanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwaandikisha wajawazito 1,078 wenye VVU jijini Dar es Salaam. Swali lilikuwa kama vitamini zingewasaidia wao na watoto. Karibu kila mtu aliamini vitamini A haina madhara na huenda ikamkinga mtoto. Wanawake wakagawanywa katika makundi, wakafuatiliwa. Mchanganyiko wa vitamini B, C na E ulipunguza mimba kuharibika na watoto kuzaliwa na uzito pungufu. Vitamini A, ile iliyoaminiwa, iliongeza uwezekano wa mama kumwambukiza mtoto. Bila wale wanawake kukubali kulinganishwa, pengine tungeendelea kugawa kidonge kile kwa nia njema kabisa.

Sasa kilinganishe na mwaka 2011, kijiji cha Samunge, Loliondo. Kikombe cha dawa ya mitishamba iliyosemwa inaponya VVU, kwa shilingi 500, magari yamepanga foleni kilomita kwa kilomita, wagonjwa wanafia njiani. Hakuna aliyegawanya makundi, hakuna aliyepima wingi wa virusi kabla na baada. Wako walioacha dawa kwa sababu ya kikombe kile, na baadhi yao tuliwapokea miezi kadhaa baadaye wakiwa wamebebwa kwenye shuka. Sisemi hivyo kumdharau aliyekwenda. Mtu akiambiwa kuna kupona, atakwenda. Nasema kwamba kulinganisha, kule kunakoonekana kama ukatili wa watafiti, ndiko kunakotutenganisha na kubahatisha.

Kwa hiyo swali lako la pili mezani liwe hili: "Makundi ni mangapi, na kila kundi linapewa nini?" Fomu zetu za Kiswahili hupenda kuandika kwamba mshiriki atapangwa "kwa bahati nasibu". Neno hilo limenisumbua miaka yote. Mtu wa kawaida akisikia bahati nasibu anasikia kushinda. Akipangwa kundi la dawa mpya anashangilia, akipangwa lingine anajiona mnyonge na kuanza kutafuta kujuana ahamishwe. Maana yake ni kama kupiga kura ya mbegu ndani ya kibuyu: unaingiza mkono bila kuangalia, mbegu nyeupe huku, nyeusi kule, na hakuna anayejua lipi ni kundi bora, kwa sababu wangejua wasingefanya utafiti. Mara nyingi hata daktari anayekupima hajui uko kundi lipi.

Kundi la kulinganisha linaweza kupewa dawa iliyozoeleka, au kidonge kifani kisicho na dawa ndani. Hapo simama. Kama kuna tiba inayojulikana kufanya kazi, kwa nini mtu apewe kidonge kitupu? Swali hilo liliwahi kutikisa dunia. Mwishoni mwa miaka ya 1990, utafiti uitwao Petra wa kuzuia mama kumwambukiza mtoto ulifanyika Dar es Salaam, Kampala, Johannesburg na Durban, na kundi moja la akina mama lilipewa vidonge visivyo na dawa wakati nchi tajiri zilikuwa tayari zinatoa dawa ya AZT kwa wajawazito. Watetezi wake walisema Afrika haikuwa na uwezo wa kutoa tiba ile ndefu, hivyo lilihitajika jibu la njia fupi. Wapinzani walisema mtoto wa Kampala ana thamani sawa na wa Marekani. Mwaka 1998, matokeo kutoka Thailand yalipoonyesha kwamba AZT ya muda mfupi inasaidia, kundi la kidonge kitupu lilifungwa. Leo ukiwa na VVU, hakuna utafiti halali unaoweza kukuachisha ARV ili ukae na kidonge kitupu bila sababu nzito, uangalizi wa karibu na maelezo yaliyo wazi. Ukiambiwa uache dawa zako, hata kwa wiki mbili, usikubali kabla hujaongea na daktari wako wa CTC peke yenu.

Damu, chanjo, na karatasi ya kanisani

Damu. Fomu itasema "mililita 20" na mtu ataona namba kubwa. Mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Mililita 20 ni vijiko vinne. Anayejitolea damu kuokoa mgonjwa hutoa karibu mililita 450, na mwili huirudisha. Mwambie mtafiti akuhesabie kwa vijiko, kwa kila ziara, na jumla kwa mwaka mzima. Kisha uliza inakwenda wapi. Ikipelekwa nje ya nchi lazima kuwe na mkataba wa kusafirisha sampuli ulioidhinishwa. Ikihifadhiwa kwa tafiti za baadaye, hilo ni ombi tofauti lenye sehemu yake ya kuweka alama. Unaweza kukubali utafiti na kukataa damu yako kuhifadhiwa.

Chanjo ya VVU ina jambo lake ambalo naomba lisomwe na kila kijana anayefikiria kujitolea. Vipimo vyetu vya haraka havitafuti kirusi chenyewe, vinatafuta askari ambao mwili hutengeneza dhidi yake. Chanjo ya majaribio haina kirusi kinachoweza kukuambukiza, lakini inaweza kuufanya mwili utengeneze askari hao. Matokeo yake, mtu mzima asiye na virusi anapima na kipimo kinasema chanya. Lilitokea kwa wengi kwenye majaribio yaliyoanza mwaka 2007 miongoni mwa askari polisi waliojitolea Dar es Salaam, na katika yale yaliyofuata Dar es Salaam na Mbeya.

Fikiria sasa maana yake huku kwetu. Umechumbia, padri au mchungaji anataka karatasi ya vipimo. Unaomba kazi jeshini. Unataka kumtolea damu dada yako aliyejifungua kwa upasuaji pale hospitali ya General. Kipimo kinasema chanya mbele ya watu, na neno likishatoka halirudi. Kwa hiyo uliza kabla: hali hiyo inaweza kudumu muda gani? Nitapewa kadi ya kueleza? Nikihitaji kipimo cha kirusi chenyewe nitapimwa wapi, na nani atalipa, hata miaka mitano baada ya utafiti kufungwa? Wasipokuwa na jibu la swali la mwisho, usiingie.

Na ujue kabisa kwamba jaribio linaweza kushindwa. Utafiti wa PrEPVacc uliohusisha Masaka ya Uganda, Mbeya, Dar es Salaam na Durban, wenye watu wapatao 1,500, ulisimamisha uchanjaji mwishoni mwa 2023 baada ya kamati huru kuona hakuna dalili kwamba chanjo zingezuia maambukizi. Washiriki walielezwa wakaendelea kuangaliwa. Ndivyo inavyotakiwa. Anayekuuzia chanjo ya majaribio kama kinga, mwenye maneno ya "ukishachanjwa hii uko salama", amekudanganya. Endelea na kondomu, endelea na dawa kinga kama unazitumia.

Virusi jirani

Siku hizi utafiti wa VVU mara nyingi hugusa na virusi vingine, na hapa nitapita haraka isipokuwa mawili.

Homa ya ini B. Tenofovir, moja ya dawa tatu zilizomo kwenye kidonge cha TLD unachomeza kila siku, hutibu VVU na hudhibiti pia kirusi cha homa ya ini B. Utafiti wowote unaotaka kukuhamishia dawa zisizo na tenofovir unapaswa kukupima homa ya ini B kwanza, kwa sababu ukiiacha ghafla na kirusi hicho kimo, ini linaweza kuwaka moto. Uliza: "Mmenipima ini?" Kwa wakazi wa nyanda hizi swali lina uzito wa ziada. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumukuvu na homa ya ini B vikikutana kwenye ini moja, hatari ya saratani huongezeka mara nyingi kuliko kila kimoja peke yake. Kama mahindi ya nyumbani yaliingia ghalani na unyevu, au karanga zimeota ukungu, mwambie daktari wa utafiti. Huenda fomu yake haikuuliza hilo.

Pili ni HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Wanawake wenye VVU hupata saratani hiyo takriban mara sita zaidi ya wenzao. Hapa Tanzania imetoa mchango ambao tungeujua zaidi tungeringa. Utafiti wa DoRIS uliofanyika Mwanza uliwachukua wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, ukalinganisha dozi moja, mbili na tatu. Dozi moja ilionekana kutoa kinga ya kuridhisha, na pamoja na utafiti mwingine wa Kenya ukachangia Shirika la Afya Duniani kukubali dozi moja mwaka 2022. Tanzania ilihamia dozi moja 2024. Lakini tazama: wasichana wale hawakuwa na VVU. Kwa hiyo kwa binti mwenye VVU shirika hilo bado linashauri dozi mbili, ikiwezekana tatu. Matokeo ni ya wale waliopimwa. Watu wa aina yako wasipokuwamo kwenye utafiti, jibu litakalopatikana litakuwa la watu wengine, na ndiyo sababu mimi, pamoja na tahadhari zote hizi, huwaambia watu wafikirie kukubali.

Ukishakubali

Sema ukweli kuhusu vidonge. Kulikuwa na utafiti uitwao VOICE, wa wanawake zaidi ya 5,000 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, wakijaribiwa dawa kinga. Walipoulizwa, karibu wote walisema wanatumia. Damu ilipopimwa, dawa ilionekana kwa chini ya theluthi yao. Utafiti ukatoka na jibu kwamba dawa haikukinga, wakati Kenya na Uganda, kwa jozi zaidi ya 4,700 za wenza ambao mmoja wao ana VVU, dawa hizohizo zilikuwa zimeshapunguza maambukizi kwa asilimia 75. Wale wanawake hawakuwa waongo. Waliogopa kufukuzwa, waliogopa wenza wao kuona kopo, waliwaonea haya wauguzi. Kama hukumeza, sema hukumeza. Hakuna anayefukuzwa kwa kusema kweli, na kama yuko anayekufokea, mripoti.

Vivyo hivyo kwa mitishamba. Unga wa mlonge, mizizi ya kuchemsha ya babu, vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki ya wajawazito, dawa ya kisukari, dawa za kifua kikuu: vitaje vyote. Vingine hupunguza nguvu ya dolutegravir iliyomo kwenye TLD, vingine huzidishwa na dawa hiyo. Usiingie kwenye tafiti mbili za dawa kwa wakati mmoja, hata kama nauli ni nzuri.

Nauli yenyewe iulize mapema, na uulize inalipwa lini. Kutoka Kibakwe hadi Dodoma mjini ni safari ya kulala. Fidia ya muda na nauli ni haki. Malipo makubwa ya kukufanya ufumbe macho si haki. Uliza pia nani atakutibu ukidhurika, na kama kuna bima ya washiriki. Namba mbili ziwe kwenye nakala yako: ya daktari wa utafiti anayepokea simu usiku, na ya kamati ya maadili, ambako ndiko unakoweza kuwashtaki watafiti wenyewe.

Siri. Usikubali gari lenye nembo kubwa liegeshwe mlangoni kwako. Panga mkutanie wapi, simu ipigwe saa ngapi, na akipokea mtu mwingine waseme nini. Sheria ya VVU ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu yako, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Na msimu. Watafiti wengi hupanga ratiba wakiwa ofisini, wakasahau kwamba Januari huku watu wako shambani, makorongo yamejaa, na gari la kwenda kijijini linaweza kukosekana siku nne. Yule mama wa unga nilikaa naye tena, safari hii na mwenzake anayeongea Kigogo kama yeye. Aliuliza maswali matatu. Damu yangu mnaipeleka wapi? Nikikataa, dawa zangu nitaendelea kupata? Majibu ya hayo mawili niliyajua: la kwanza nikamwonyesha kwenye ukurasa, la pili nikamwambia ndiyo, bila sharti lolote, na ni hivyo kwako pia, leo na siku yoyote utakayoamua kujitoa. La tatu likanishinda: mvua zikianza nitakuwa nalima, mtanifuata huko? Nilikwenda kuuliza. Ratiba ya ziara za masika ikabadilishwa, si kwake tu, kwa kijiji kizima. Alikubali Juni, uwele ukiwa umeshaingia ghalani.

Uliza pia itakuwaje fedha zikikatika. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tafiti kadhaa Afrika zikakwama katikati. Afrika Kusini kulikuwa na wanawake wenye pete za majaribio miilini mwao siku amri ilipotoka. Dawa ikionekana kukufaa, utaendelea kuipata utafiti ukiisha? Iandikwe kwenye fomu, au uambiwe wazi kwamba hapana.

La mwisho ni matokeo. Wakazi wa Kongwa wamezoea watafiti tangu miaka ya 1980, utafiti wa vikope ulipoanza, na mwaka 1995 ulichapishwa ulinganisho wa vijiji vilivyohimizwa kuwaosha watoto nyuso pamoja na dawa ya macho na vijiji vilivyopewa dawa tu. Ulizeni huko vijijini kwenu: matokeo yatasomwa lini, na kwa lugha gani? Wakisema watayasoma kwenye ukumbi wa hoteli mjini, waombeni waje pia chini ya mbuyu uleule walipoitisha mkutano wa kwanza, na mwenyekiti aliandike hilo kwenye muhtasari wa kikao kabla mtu yeyote hajaguswa kwa sindano.